Mlango wa Dawa Umefungwa, Lakini Nani Amebisha?

Saa tisa ya usiku naijua vizuri. Mkatekista ye yote aliyekaa miaka mingi katika kijiji kilicho mbali na misioni aijua. Mbwa wanabweka, mtu apiga hodi, nawe waamka pasipo kujua kama ni mwizi au ni habari ya kifo. Mwaka jana, katikati ya majira ya mvua, nilibishiwa hodi ya namna hiyo. Nilipofungua nikamwona baba mmoja wa jumuiya yetu, amelowa mwili mzima, simu yenye tochi mkononi. Akasema: «Mwalimu, njoo upesi na maji, mtoto anakwenda.»

Nilichukua chupa ya maji na stola, nikamfuata. Tulivuka mto, tukapanda kilima, tukafika baada ya nusu saa. Mtoto alikuwa msichana wa miezi minane. Hakuwa amebatizwa bado kwa sababu wazazi walimngoja mama wa ubatizo atoke Kalemie. Mwili wake ulikuwa moto kama chungu, macho yamegeuka juu, mikono na miguu yatetemeka. Nikambatiza. Halafu nikauliza: «Mwuguzi amesema nini?» Wakanyamaza wote. Mwisho bibi ya mtoto akanijibu, kama mtu anayemfundisha mgeni desturi za kijiji: «Mwalimu, usiku kituo kinafungwa.»

Sasa sikilizeni vizuri. Kutoka nyumba ile mpaka kituo cha afya ni mwendo wa dakika kumi. Nyumba ya mwuguzi iko nyuma ya kituo, yaonekana kutoka njiani. Na njia ya kuja kwangu yapita hapo hapo. Baba yule alipita usiku, katika mvua, mbele ya mlango wa mwuguzi, asiguse hata mti wa mlango, ili aje ng'ambo ya mto kubisha mlango wangu mimi.

Tulimbeba mtoto mara moja. Alikufa mikononi mwa mama yake kabla hatujafika.

Siandiki haya ili kumwaibisha baba yule. Tulizungumza mara nyingi tangu siku ile, naye mwenyewe aliniambia: «Andika, Mwalimu, ili mwingine asifanye kama mimi.» Naandika kupigana na neno moja dogo ambalo limeua watoto wengi katika vijiji vyetu, neno lile la «kituo kimefungwa», pamoja na ndugu yake «tungoje kuche». Nasema wazi kwamba maneno haya mara nyingi ni ya uwongo, na sisi wakristu tunaoyasema tutaulizwa habari zake.

Fikirini. Kanisa laamuru kwamba mtoto aliye katika hatari ya kufa abatizwe pasipo kukawia hata kidogo. Amri hiyo mmeishika vizuri mno, na mimi namshukuru Mungu, maana yaonyesha kwamba imani yenu si ya midomo tu. Kwa ajili ya roho ya mtoto hamwogopi mvua, hamwogopi nyoka, hamwogopi kumwamsha mkatekista wala padri mzee. Lakini kwa ajili ya mwili wa mtoto yule yule mwaogopa kumsumbua mwuguzi! Ni nani aliyewafundisha kwamba Mungu aliumba roho kwa ajili ya usiku na mwili kwa ajili ya mchana? Si mimi. Nimetafuta katika katekisimu sikuliona fundisho hilo. Tena katika Misa twajipiga kifua na kuungama, pamoja na mabaya tuliyoyatenda, mema tuliyoyaacha. Kuacha kubisha mlango ni katika hayo.

Wengine wataniambia: «Mwalimu, wewe si mganga, wajuaje kwamba angepona?» Kweli, sijui. Lakini naijua malaria, kama kila mtu wa nchi hii aijuavyo. Shirika la Afya la Ulimwengu lahesabu kila mwaka watu wanaougua na kufa kwa malaria katika dunia nzima, na Kongo yetu ni ya pili baada ya Nijeria. Waganga wameeleza ishara ambazo mtoto mdogo akiwa nazo hapaswi kungoja hata saa moja: hawezi kunywa wala kunyonya, atapika kila kitu anachopewa, apigwa na degedege, amelegea, wamwita haitiki. Moja tu yatosha. Ongezeni na mtoto anayehema kwa shida hata kifua kinaingia ndani chini ya mbavu. Malaria ikifika kichwani, au damu ikipungua mno, haitazami saa. Na mama aliyekwisha kuzaa, akitoka damu nyingi, aweza kufa katika muda wa saa mbili. Kutoka saa nane ya usiku mpaka kuche ni saa nne. Fanyeni hesabu.

Juu ya degedege lazima niseme neno la pembeni, kwa maana hapo uwongo umejenga nyumba. Nimesikia kwa masikio yangu kwamba ni ndege wa usiku aliyepita juu ya paa, na kwamba mtoto wa namna hiyo akichomwa sindano atakufa. Kwa hiyo wamfukiza moshi, wamtia dawa ya majani kinywani naye hana akili, dawa yaingia mapafuni. Ndege hawana kosa. Ni homa kali, na mara nyingi ni malaria yenyewe. Mtoto kama huyo alazwe ubavu, asitiwe kitu kinywani, abebwe. Na sindano ile mnayoiogopa, ile ya artesunate, ndiyo iliyookoa wengi wanaocheza leo mbele ya kanisa.

Mwaka 1994 wanawake wawili wataalamu, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika juu ya sababu za mama wajawazito kufa katika nchi maskini. Walionyesha kwamba kuna kuchelewa kwa namna tatu. Watu wachelewa kuamua nyumbani. Wakiisha kuamua, wachelewa njiani. Wakiisha kufika, wachelewa kupewa dawa. Nimeona kwamba sisi twapenda sana kuzungumza juu ya njia mbaya na juu ya hospitali mbaya, kwa sababu hapo wenye makosa ni wengine: serikali, mganga, wenye magari. Kuchelewa kule kwa kwanza, kunakofanyika ndani ya nyumba, karibu na moto, bibi na shangazi na baba mkubwa wakishauriana nani atoe ruhusa, huko hatukutaji. Mama wa mtoto akaa kimya, maana hana sauti katika baraza hilo. Na baba akiwa safarini migodini, je? Wamngoja apige simu!

Lakini haki ni haki. Asubuhi ile nilikwenda kwa mwuguzi, nikiwa na hasira. Nikamwuliza alikuwa wapi. Akanijibu: «Mwalimu, nilikuwa kitandani mwangu. Hakuna aliyebisha.» Halafu akanionyesha kituo chake. Taa ya jua ilikuwa imekufa tangu Pasaka. Mwezi uliotangulia aliamshwa mara nne usiku, na mara tatu watu waliahidi kulipa, wakaenda zao moja kwa moja. Alikwisha kumchoma mtoto sindano huku ameshika simu kwa meno ili apate mwanga. Mshahara wa serikali hajaupata hata siku moja, naye si peke yake, wauguzi wengi wa nchi yetu wako hivyo. Wala kwa yale yanayolipwa na wagonjwa, na kwa shamba la mihogo. Mtu wa namna hii, mkimwita mvivu, mwamtukana.

Hata hivyo nilimwambia na yeye neno lake. Nilisema: «Kufuli lako latazama njia usiku kucha, wala hakuna hata karatasi moja ya kumwambia mtu akubishe wapi. Mgeni atajuaje? Hata mwenyeji amesadiki kwamba kufuli ndilo jibu.» Akanyamaza kama walivyonyamaza wale wa nyumba ya mtoto.

Tena wako walio wabaya kweli, sitawaficha. Katika kituo kimoja nisichokitaja nilimsindikiza mama mwenye uchungu wa kuzaa. Mlinzi alitwambia tuonyeshe fedha kwanza, ndipo amwamshe mwuguzi. Tulikuwa na franka za kutosha chumvi tu. Mama akazaa juu ya benchi la nje, wanawake wakamzungushia vitenge. Mwuguzi alikuja baada ya mtoto kulia, akaandika katika daftari kwamba amezalisha, akadai malipo. Na siku tatu mama alizuiliwa pale kwa ajili ya deni. Kwa mtu huyo na wenzake nasema hivi: Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 47, yahakikisha haki ya afya. Na sheria ya adhabu, tangu mwaka 1978, yahesabu kuwa ni kosa kumwacha kwa kusudi mtu aliye hatarini, ikiwa waweza kumsaidia pasipo kujihatarisha mwenyewe. Ikiwa sheria za wanadamu hazikuogofyi, basi fungua Injili ya Mt. Luka, sura ya 11. Humo Bwana wetu asimulia habari za mtu aliyekwenda kwa rafiki yake katikati ya usiku. Rafiki yule alikuwa na udhuru wote unaotumika hata leo: mlango umefungwa, watoto wamelala, usinisumbue. Mwisho akaamka. Na aliamka kwa sababu gani? Kwa sababu yule wa nje hakuona haya kuendelea kubisha.

Mwaona basi kwamba katika mfano ule wako wawili, mmoja wa ndani na mmoja wa nje. Mimi namgombeza wa ndani, lakini yule wa nje aliyeondoka pasipo kubisha simsifu.

Sisi wakatekista tuna mzee wetu katika jambo hili. Ng'ambo ya ziwa letu Tanganyika, kule Karema, aliishi Adrien Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa angali mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe. Kardinali Lavigerie alitaka Waafrika wasomeshwe uganga ili wawe waganga na wakatekista pamoja, akawapeleka vijana kusoma Malta, na Atiman alikuwa mmoja wao. Alifika Karema mwaka 1889, akatumika huko mpaka alipokufa mwaka 1956. Miaka 67! Alikuwa mganga, alikuwa mkatekista, katika mtu mmoja. Mimi si mganga, wala sitajifanya mganga, Mungu anilinde. Lakini nikikumbuka kwamba wale waliotuletea dini waliziweka kazi hizi mbili katika mikono ya mtu mmoja, naona haya kwamba sisi tumezitenga hata baba apite mlango mmoja ili aende kwenye mwingine.

Iko milango mingine inayofunguliwa usiku, nayo hufunguliwa upesi. Muuza vidonge wa sokoni hakosi kuamka, maana analipwa papo hapo. Atakupa vidonge vitatu katika karatasi ya daftari, hajui uzito wa mtoto, hajui umri, na pengine hajui kusoma jina la dawa. Mtoto atatulia kidogo, ninyi mtasema amepona, kesho jioni atakufa. Chumba cha maombi nacho kimefunguliwa usiku kucha. Huko wataambiwa kwamba shangazi ndiye mchawi, na kabla ya mapambazuko ukoo utakuwa na maiti na ugomvi pamoja. Wala msifikiri nawasema watu wa madhehebu mengine tu. Kikundi chetu wenyewe cha maombi, siku moja, kilimweka mama mwenye homa katikati, kikamwombea mpaka asubuhi kwa mapendo makubwa. Mapendo hayo yangetosha kumbeba mpaka hospitali na kurudi. Ombeni, ndiyo, lakini ombeni mkitembea. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, amwambia mgonjwa amwombe Mungu, halafu ampe mganga nafasi yake, kwa sababu na yeye ameumbwa na Bwana. Hakusema umpe nafasi hiyo baada ya siku tatu.

Kuna msaada mwingine ulio mwema, lakini watu wauelewa vibaya. Katika vijiji vingi yupo mjumbe wa afya, yule tumwitaye reko, na mahali pengine amefundishwa kutibu watoto homa, kuhara na kikohozi. Pengine anayo hata dawa ya malaria inayotiwa kwa njia ya nyuma, kwa mtoto asiyeweza kumeza. Ni dawa nzuri. Lakini toka mwaka 2018 mpaka 2020 wataalamu waliichunguza katika Kongo, Nijeria na Uganda, wakaona kwamba pale ambapo mtoto hakufikishwa mbele akapewa matibabu kamili, dawa hiyo peke yake haikupunguza vifo. Basi, kwa reko utapata nafasi ya kufika hospitali, hukupata ruhusa ya kurudi kulala.

Sasa nifike kwenye fedha, kwa sababu najua ndipo mnaponingoja. «Mwalimu, pikipiki usiku ni bei kubwa, nasi hatuna.» Ndugu zangu, nimezika watu wengi. Sijaona hata siku moja maiti aliyekosa sanduku kwa sababu ilikuwa usiku. Mtu akikata roho saa kumi, kabla ya saa moja mbao zimepatikana, seremala ameamshwa, mama wa kijiji wamechanga unga, kijana amepanda pikipiki kwenda kutangaza habari katika vijiji vitatu, na mafuta ya pikipiki hiyo yamelipwa. Nani ameyalipa? Sisi! Fedha ile ile, usiku ule ule, saa tatu mbele, ingempeleka mgonjwa angali hai. Twachangia kifo kwa mikono miwili, na uhai twauambia ungoje soko la Jumamosi.

Katika jimbo kuu la Bukavu ofisi ya Kanisa inayoshughulikia mambo ya hospitali imesaidia kwa miaka mingi vyama vya kusaidiana katika ugonjwa, ndivyo watu huviita mituweli. Kila jamaa hutoa kidogo kwa mwaka, na mmoja akiugua chama husaidia kulipa. Sisi hatujafika hapo. Tulianza na kopo. Baada ya kumzika mtoto yule, kila jumuiya ilikubali kutia fedha kidogo katika kopo moja kila Dominika, lenye funguo mbili, moja kwa mama mmoja mjane, nyingine kwa kapita wa kijiji. Kopo hilo ni la kazi moja tu, kumtoa mgonjwa usiku. Wazee wawili walikasirika, wakasema ni afadhali liwe la matanga kama zamani. Tulibishana Dominika tatu. Mmoja hajakubali mpaka leo, naye ni baba yangu wa ubatizo, kwa hiyo nasema kwa heshima kwamba amekosea.

Juu ya hatari ya njia sitacheka. Katika sehemu nyingi za upande wetu wa mashariki usiku kuna watu wenye bunduki, kuna vizuizi, na baba anayeogopa kutoka ana akili timamu. Mahali pa namna hiyo msiende mmoja mmoja. Mwamsheni kapita kwanza, nendeni watu wanne au watano wenye taa, machela mabegani, mkisema kwa sauti kwamba mwabeba mgonjwa. Na namba ya simu ya mwuguzi iandikwe ukutani katika kila nyumba, kwa makaa kama hakuna kalamu, ili hata njia ikiwa imefungwa kweli mpate kumwuliza la kufanya mpaka ifunguke. Siku hizi kijana wa kijiji ana namba za wachezaji wa mpira na za wasichana wa Moba, lakini ya mwuguzi hana.

Baba wa mtoto yule ndiye sasa anayeshika zamu ya machela katika jumuiya yake. Tangu Noeli ametoka mara tano. Wagonjwa wanne walirudi nyumbani kwa miguu yao au mgongoni mwa mama zao, wa tano alifia hospitalini.

Taa ya jua yahitaji betri, na kopo halijafikia bei yake. Kamati ya afya ya kituo itakutana Dominika ijayo baada ya Misa, chini ya mwembe, na wajumbe wake ni watu wa vijiji vyetu, basi asiniambie mtu kwamba jambo hili ni la serikali peke yake. Mwuguzi amekubali kubandika karatasi chini ya kufuli. Imeandikwa kwa herufi kubwa: USIKU, GONGA DIRISHA LA PILI LA NYUMBA YA BATI, GONGA MPAKA NIITIKE. Mvua iliiharibu ya kwanza, tukaandika nyingine, tukaifunika kwa nailoni.